IST ya zamani au IST mpya: tazama gia boksi kabla ya bodi

Mtu wa Dar es Salaam akisema anatafuta gari dogo la kuanzia, mara nyingi ameshachagua Toyota IST hata kabla hujamuuliza. Linalomkosesha usingizi ni swali la pili: achukue ya zamani au mpya? Ukiuliza yadi yoyote utajibiwa harakaharaka kwamba kama hela inatosha chukua mpya, maana mpya ni mpya. Jibu hilo linamfaa zaidi anayeuza. Kwa sehemu kubwa magari haya mawili yana injini ileile. Unachoongezewa kwenye mpya ni bodi, nafasi na gia boksi ya aina nyingine kabisa, na hiyo gia boksi ndiyo itakayoamua kama gari utalifurahia au litakutesa.

Kwanza tuelewane juu ya neno "mpya". Toyota ilianza kuuza IST Japani Mei 2002, ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Vitz ya kwanza, ile ya 1999. Waliinua bodi kidogo, wakavimbisha matao ya magurudumu, wakaipa ringi za inchi 15 wakati Vitz nyingi zilikuwa zinatembelea 13 na 14. Ndiyo maana inasimama kama gari linalojiamini wakati urefu wake ni milimita 3,855 tu. Mwaka 2005 ikafanyiwa marekebisho ya sura, na katikati ya 2007 ikaachia nafasi. Marekani iliuzwa kwa jina la Scion xA.

Julai 2007 ikaja ya pili, ambayo Ulaya iliitwa Urban Cruiser na Marekani Scion xD. Hii ina urefu wa milimita 3,930 na upana wa 1,725. Kwetu milimita hizo za upana hazisemi kitu, lakini kwa Wajapani zilikuwa na uzito: kule gari likizidi upana wa milimita 1,700 linahama daraja la magari madogo. Kwa hiyo IST ya pili si ile ya kwanza iliyobadilishwa taa. Ni gari jingine lililorithi jina. Utengenezaji wake ulikoma 2016 na hakuna ya tatu iliyofuata. Ukiambiwa "new model" ya 2007, jua unauziwa gari linaloelekea miaka 20. Limezeeka kama lile linaloitwa la zamani, tofauti ni miaka michache.

Kwa nini zimejaa hapa kuliko hata kwa majirani? Kenya huzuia magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8. Sisi hatuzuii, tunatoza. Ndiyo maana IST za 2003 na 2004 ziliendelea kushuka bandarini kwetu miaka mingi baada ya kuwa haziwezi tena kuingia Mombasa. Uber walipoingia Dar mwaka 2016, gari lililokuwa tayari, la bei ya kushikika na lenye spea kila kona, lilikuwa hilohilo.

Injini: hapa hakuna mshindi

IST ya zamani inakuja na injini mbili, 2NZ-FE ya cc 1,298 na 1NZ-FE ya cc 1,496. IST mpya utakazokutana nazo nyingi zina 1NZ-FE hiyohiyo. Chache zina injini ya cc 1,800, na hizo utaziona mara mojamoja.

Sifa ya 1NZ haihitaji matangazo. Ndiyo iliyomo kwenye Probox, Succeed, Raum, Spacio, Fielder, Platz na nyingine kibao, kwa hiyo ukishuka Gerezani pale Kariakoo huwezi kukosa kitu chake, kuanzia plagi mpaka injini nzima ya mtumba iliyofungwa nailoni. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo habari za kubadilisha mkanda wa taimingi kila baada ya kilomita kadhaa hazikuhusu. Cheni inataka oili safi tu. Mwenye tabia ya kuchelewesha sevisi ndiye anayekuja kusikia ile sauti ya kukwaruza asubuhi anapowasha.

Nguvu ni farasi 109 hivi, iwe kwenye bodi ya zamani au mpya. Hapo ndipo watu wanapopigwa na butwaa, kwa sababu mpya ni nzito zaidi. Ya zamani ina takriban tani moja, mpya inazidi kilo 1,100. Injini ileile, mzigo mkubwa zaidi. Mpya haikimbii kuliko ya zamani, na ukipakia watu wanne na AC ikiwaka, ukaanza kupanda Makongo Juu, utaisikia inahema.

Kuhusu cc 1,300 na 1,500 ndani ya IST ya zamani yenyewe, mimi ningechukua 1,500 isipokuwa kama unatembea peke yako siku zote. Ushuru hauna tofauti, zote ziko kundi moja. Mafuta unayookoa kwenye 1,300 ni kidogo, na ukibeba familia unayarudisha yote kwa kukanyaga pedeli mpaka chini. Zile takwimu za ulaji mafuta zinazoandikwa kwenye karatasi za Japani zilipimwa mbali sana na foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni. Usipangie bajeti yako humo. Bei ya mafuta yenyewe EWURA, mamlaka inayoidhibiti, huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo hesabu yoyote utakayopewa na dalali ina mwezi mmoja wa kuishi.

Cha kuangalia kwenye injini hizi ni kama inakula oili. Zilizochoka ringi za pistoni huanza kuinywa taratibu bila kuvuja hata tone chini. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe, usisomewe. Kisha muombe mwenye gari aiache inanguruma bila kukanyagwa kwa dakika kama kumi, halafu akanyage ghafla wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, mazungumzo ya bei yaanze upya au yaishe.

Gia boksi ndiyo kesi yenyewe

IST ya zamani ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Inahama kutoka gia hadi gia na unaisikia, hasa ya kwanza kwenda ya pili. Si ya kisasa na haijifanyi. Inatumia oili ya T-IV, ambayo iko kila duka la spea, na fundi aliyejifunzia kazi kwenye Corolla au Carina anaielewa bila kuuliza mtu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ikianza kuchoka inakupa taarifa mapema. Unaweka D, inachelewa kuingia, halafu inashtuka. Au inateleza kati ya gia ya pili na ya tatu, injini inanguruma gari haliendi. Huo ni muda wa kujipanga kutafuta fedha, na gia boksi ya mtumba ya kuweka badala yake inapatikana Ilala.

IST mpya ya kawaida, yenye magurudumu mawili yanayosukuma, ina CVT. Ndani yake hakuna gia za kuhama. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati yake, kama ule mpango wa mkanda kwenye mashine ya kusaga, tofauti ni kwamba hizi puli zinapanuka na kusinyaa zenyewe gari likiwa linatembea. Matokeo yake ni raha. Gari linaondoka bila mshtuko, injini inakaa chini kwenye mzunguko mdogo, na ukienda Bagamoyo barabara ikiwa wazi mafuta yanashuka taratibu kuliko kwenye ya zamani. Sitaki kuificha sifa hiyo. Aliyezoea CVT nzima akirudi kwenye gia nne anaona kama kapanda trekta.

Neno la kuangalia hapo ni "nzima". CVT inategemea oili kuliko gia boksi nyingine yoyote, kwa sababu oili hiyo ndiyo inayobana zile puli na ndiyo inayoulainisha mkanda unaozishika. Inataka oili yake maalum ya CVT. Ukiweka T-IV, au ile nyekundu tu kwa kuwa imeandikwa otomatiki, unaanza kulila gari lako mwenyewe. Na hapa Dar ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu gari lilitoka Japani likiwa na miaka kumi, likakaa na mwenye wa kwanza akaambiwa oili ya gia boksi haibadilishwi, likaenda kwa wa pili akabadilishiwa chini ya mwembe na fundi aliyekuwa na dumu moja la oili ya magari yote, na sasa linasimama mbele yako limepakwa polishi. Bodi haitakusimulia lolote katika hayo.

CVT inayoumwa ina dalili zake. Inatetemeka gari linapoanza kuondoka, mtetemo wa harakaharaka kama unapita juu ya matuta madogo. Inavuma, na mvumo unapanda kadiri spidi inavyopanda. Ikishapata moto inapoteza nguvu. Kwa hiyo usiijaribu asubuhi ikiwa ya baridi kwa kuzunguka yadi mara moja. Iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, ingia kwenye foleni halisi, simama, ondoka, simama tena. Tafuta kilima, simama katikati, weka rivasi upande kinyumenyume. Muuzaji anayekataa hilo ameshakujibu.

Ikifa, wengi hukimbilia CVT ya mtumba. Ni bahati nasibu. Ile unayoinunua ilitoka kwenye gari lililogongwa au lililochoka, na historia ya oili yake huijui kama usivyoijua ya kwanza. Hapo utakuta mtu amelipa zaidi kwa bodi mpya, kisha akalipa tena kwa ajili ya kile ambacho mwenzake wa IST ya zamani hajawahi kukifikiria.

Kuna mlango wa nyuma ambao madalali wengi hawautaji, pengine kwa kutoujua. IST mpya ya fo wili, ambayo modeli yake imeandikwa NCP115, haina CVT. Ina otomatiki ya gia nne. Na ile adimu ya cc 1,800, ZSP110, nayo ina gia nne. Anayeipenda sura mpya lakini anaogopa CVT anaweza kupita hapo. Sharti lake ni kutazama chini ya gari kwa makini. Japani fo wili hununuliwa sana na watu wa maeneo ya theluji, na kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hiyo inaila bodi kutokea chini. Unaweza kukuta gari linang'aa juu kama kioo, ukilipandisha gereji chini unaona vyuma vimebabuka maganda. Pia una propela na difu ya nyuma ya kutunza, na uzito wa ziada unaolipia mafuta kila siku kwa ajili ya tope unalokutana nalo wiki chache za masika.

Njia ya kwenda kwako

Kama unaishi Goba ndani, Madale, Kinyerezi au Chanika, sehemu ambazo lami inakuacha halafu unamalizia na mawe, mjadala unabadilika kidogo. IST zote mbili zimeinuka kuliko Vitz, na hilo ni sababu nzuri ya kuzipenda. Lakini kinachochoka kwenye njia hizo ni mguu: bushi, stabilaiza linki, shokapu za mbele, boli jointi. Kwenye ya zamani spea hizi zimezagaa na kila fundi anazifunga macho yakiwa yamefumba. Kwenye mpya zipo, ila utalipa zaidi kidogo, na matairi ya inchi 16 nayo yana bei yake. Shimo likikukunjia ringi ndipo utajua ninachokisema.

Maji ni suala jingine. Mvua kubwa zikija, Jangwani panajaa, na bado kuna mtu atakayejaribu kupita kwa sababu daladala imepita. Hizi ni injini ndogo zenye mdomo wa hewa ulio chini kuliko wa daladala. Zikivuta maji ndani ya silinda, maji hayabanwi kama hewa, na koni rodi, chuma kinachoishika pistoni kwa chini, inapinda hapohapo. Hakuna IST iliyo salama kwenye hilo, ya zamani wala mpya. Ninachotaka ufanye ni kuhakikisha hununui iliyokwisha oga. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, sehemu ile ambayo hakuna anayeivuta kila siku, utazame kama kuna mstari wa tope. Inua kapeti chini ya miguu ya abiria. Angalia reli za viti kama zina kutu. Mtu anaweza kuosha kila kitu, lakini mkanda wa kiti wengi huusahau.

Ndani

Hapa mpya inashinda bila ubishi mkubwa. Umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma umeongezeka kwa milimita 90, kutoka 2,370 hadi 2,460, na upana nao upo, kwa hiyo watu watatu nyuma wanakaa bila kupeana mabega. Dashibodi ya zamani ina mita katikati, kama Vitz ya kwanza, jambo ambalo wengine hawalizoei maisha yao yote. Mpya imerudisha mita mbele ya dereva, spidi na mzunguko wa injini vikiwa ndani ya duara moja. Buti ni dogo kwa zote mbili. Begi la safari moja na ndoo ya sadolini, umemaliza, usipolaza viti.

Ila mpya ina kasoro ambayo unaijua ukishakaa kwenye usukani: nguzo za nyuma ni nene na vioo vya nyuma vidogo, kurudi nyuma kwenye maegesho ya Kariakoo ni kwa imani. Ya zamani unaona pande zote.

Kabla hatujatoka kwenye bodi, angalia vioo vya pembeni, taa na vioo vya madirisha kama vimechongwa namba ya gari. Wageni huona tunachafua magari. Mwenyeji anajua kwamba saiti mira na taa za IST ni bidhaa inayotembea usiku, na namba iliyochongwa inampunguzia mwizi soko. Taa ikiwa na namba ya gari jingine, au namba imekwanguliwa, uliza. Huenda ni spea ya mtumba ilinunuliwa kihalali, huenda gari liligongwa mbele, huenda ni hadithi ndefu zaidi.

Kodi na bei

Ukiagiza mwenyewe, usipige hesabu kwa bei uliyolipa Japani tu. TRA ina kikokotoo chake mtandaoni chenye thamani yake ya kila gari kwa mwaka wake, na kodi hutozwa kwa thamani hiyo: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT asilimia 18, na tozo nyingine ndogondogo. Juu ya hayo kuna ushuru wa uchakavu, ambao una ngazi mbili: gari la miaka 8 hadi 10, na lililozidi 10 ambalo linachapwa zaidi. IST zote za zamani ziko kwenye ngazi ya juu, na idadi kubwa ya mpya nazo zimeshafika huko. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba mpya inakupunguzia uchakavu inamfaa yule tu anayeagiza za mwisho mwisho, na hizo bei yake kule Japani si ya kitoto. Fungua kikokotoo uweke mwaka halisi kabla hujatuma fedha.

Kuhusu kununua mkononi, bei inafuata herufi ya namba ya usajili kuliko inavyofuata hali ya gari. IST namba C na IST namba E zinaweza kuwa zimetoka kiwandani mwaka mmoja. Iliyotangulia kusajiliwa imekaa tu kwenye mashimo yetu muda mrefu zaidi. Namba E ina mvuto, lakini namba D ya mtu mmoja aliyekuwa anaitoa Mikocheni kwenda Posta na kurudi ni bora kuliko namba E iliyopiga Bolt mchana na usiku. Utaijuaje? Tazama raba za pedeli, hasa ya breki, kama zimelika upande mmoja. Tazama usukani kama umekuwa laini na unang'aa pale mikono inapokaa. Kaa kiti cha dereva uone kama ukingo wa upande wa mlango umebonyea. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, raba ya breki hairudishwi.

Muombe muuzaji karatasi ya mnada wa Japani kama anadai gari limeshuka juzi. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama ya jumla ikiwa R au RA, gari lilipata ajali likatengenezwa. Halafu kile kibati cha modeli kwenye gari lenyewe: NCP60 ni cc 1,300, NCP61 ni cc 1,500, NCP65 ni fo wili ya zamani. NCP110 ni mpya yenye CVT. Nimekuta matangazo ya "IST cc 1,500" ambayo kibati kinasema NCP60, na muuzaji anakuapia.

Kabla hujafunga mkono kwenye IST

Kuna majirani wa kuwatupia jicho. Vitz ya pili, ya 2005 hadi 2010, ya cc 996, haina ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ambao IST inaubeba, kwa sababu injini zisizozidi cc 1,000 zimesamehewa. Passo ya cc 996 nayo iko humohumo. Ni magari mazuri ya mtu mmoja anayekaa Sinza na kufanya kazi mjini. Ukiwa na silinda tatu, AC na abiria wanne, utaanza kuzima AC kwenye kilima, na hapo umenunua gari usilolitaka. Vitz ya cc 1,300 ya kipindi hicho nyingi zina CVT, kwa hiyo yote niliyoyasema juu yanakufuata mpaka huko.

Ninayemwonea huruma kwa kudharauliwa ni Raum ya pili, ya 2003 hadi 2011. Ina 1NZ-FE, ina otomatiki ya gia nne, na milango ya nyuma inateleza. Upande wa kushoto hauna nguzo ya katikati, imefichwa ndani ya milango, kwa hiyo ukifungua yote miwili unapata uwazi mkubwa ambao mama mwenye magoti mabovu anaingia bila kuinama. Mlango wa buti unafunguka kwa pembeni. Vijana wanaiita gari la wazee. Sawa, lakini mwenye watoto wawili na mkwe anayekwenda kliniki kila mwezi hana sababu ya kulipia sura ya IST mpya wakati Raum ipo, mara nyingi kwa bei ya chini.

Nikirudi kwenye IST zetu, mgawanyo wangu ni huu. Mwenye gari moja tu nyumbani, anayetegemea fundi wa mtaani, anayemalizia safari kwenye vumbi, achukue ya zamani ya NCP61 iliyo nzima, na tofauti ya bei aiweke kwenye shokapu, matairi na sevisi kubwa ya mwanzo. Mwenye njia ya lami mwanzo hadi mwisho, anayejali ukimya na nafasi, na ambaye yuko tayari kununua oili sahihi ya CVT hata kama fundi wake anamcheka, mpya ya NCP110 itamfurahisha. Anayetaka gari la kumkabidhi dereva alete hesabu kila jioni asiguse CVT kabisa. Dereva wa hesabu hana sababu ya kusikiliza mtetemo, na siku utakapousikia wewe itakuwa gari limesimama Ubungo likisubiri brekidauni. Huyo achukue NCP60, cc 1,300, gia nne, na aangalie kijiti cha oili yeye mwenyewe kila Jumapili.

Ukishakubaliana bei na gari liko mkononi mwa mtu, ingiza namba yake kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani kabla ya kutoa hata shilingi, kisha linganisha namba ya chasisi na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa tangu bajeti ya 2017/18, lakini faini ziko palepale, na usipoziuliza leo zitakuwa zako kesho.